Dubu Waliogoma Kushuka

Enyi wasomaji, kaeni vizuri, kwa maana mnakwenda kusimuliwa penzi ambalo mbingu zenyewe ziliinama kulitazama. Lilianzia kwenye trei ya plastiki, katikati ya mkanda wa suruali na viatu vinavyonuka.

Mkaguzi alikuwa ameketi mbele ya skrini ya uwanja wa ndege tangu alfajiri, sare imenyooka, nywele amezibana nyuma. Mabegi yalipita: chaja, sabuni, chupi. Kisha likapita begi lenye kopo, na ndani ya kopo donge jeusi lisiloeleweka. Akasimamisha mashine, akamwita mwenye mali.

Akaja kijana mrefu, shati la kijani limepigwa pasi mpaka kola inakata. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kila Jumatatu ya pili ya mwezi alisafiri kwenda tawi la kliniki yao. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba zile ni vitamini za kutafuna, laini kama jeli, zenye umbo la dubu. Walikuwa dubu sitini. Aliwasahau ndani ya gari juani, sasa ni dubu mmoja.

Kanuni ilikuwa wazi: kigumu kinapita, cha majimaji kikizidi kipimo kinabaki. Sasa donge hili ni lipi? Mkaguzi akafungua kopo, akalipindua. Wote wawili wakainama kutazama. Foleni nzima ikangoja.

"Halishuki," alisema Mkaguzi.

"Lina haya," alisema Fundi. "Umelikazia macho."

Mkaguzi alijizuia kucheka, akashindwa. Alimruhusu kupita na kumpa darasa la bure: kopo lisiachwe garini, lifungwe taulo, likae begi la mkononi, na lebo isibanduliwe. Fundi aliporudi Jumatano alimkuta anatoka zamu. Wakanywa chai, wakapeana namba.

Simu zikaanza. Fundi alimwita Mkaguzi "afande wangu", naye akaitwa "Dubu". Kila safari dubu walipita wazima ndani ya taulo lao, na Mkaguzi akiwaona kwenye skrini alitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Safari ya nne, kopo lilibiringika kutoka kwenye taulo. Mkaguzi akalidaka, akasoma lebo: kwa watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili.

Hakuuliza. Hilo ndilo kosa la watu wa kazi yake: wamezoea kujua kilichomo bila kufungua. Nyumbani alimsimulia mdogo wake, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Mdogo mtu, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu, akatoa hukumu kwamba mwanamume asiye na watoto habebi vitamini za watoto. Tangu siku hiyo simu ya Fundi iliita mpaka ikachoka. Mkaguzi hakulia mbele ya mtu. Alipiga pasi sare ileile mara tatu.

Wiki tatu zikapita. Kisha, asubuhi moja ya joto kali, donge jeusi likatokea tena kwenye skrini. Mkaguzi alilitambua kabla ya kumtambua mwenyewe. Mtu aliyefundishwa taulo hayeyushi dubu kwa bahati mbaya.

"Niliwaanika dirishani siku mbili," alisema Fundi. "Nilijua utanisimamisha. Naenda masomoni miezi tisa, afande wangu. Nikipita hapa bila neno lako, nitajua yamekwisha."

"Wana miaka mingapi?"

"Nani?"

"Wanao."

Fundi akatazama lebo, akatazama foleni, akashusha sauti. Hakuwa na mtoto. Kidonge kilimkwama kooni utotoni, na tangu hapo hajaweza kumeza hata kimoja. Daktari alimwagiza vitamini, na hizo ndizo alizozimudu. Mtu wa meno, ana miaka thelathini na mmoja, anatafuna dubu. Angeanzaje kumwambia mwanamke mwenye sare?

Mkaguzi haamini maneno, anakagua. Akatoa kidonge cha kichwa kwenye mkoba wake pamoja na maji. Fundi akakiweka ulimini. Akanywa funda la kwanza, la tatu, la saba. Maji yakaisha. Akafungua kinywa: kidonge kiko palepale, kimetulia kama bibi harusi. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Tema, Dubu," alisema Mkaguzi, akimpa kitambaa. "Nimeridhika."

"Lakini nilikuandikia yote haya. Barua ilikuwa ndani ya kopo jipya la dubu nililompa mdogo wako mlangoni kwenu, wiki mbili zilizopita."

Mkaguzi alifunga kopo, akamrudishia. "Nenda, usiachwe na ndege," alisema. "Wewe nitakungoja miezi tisa. Mdogo wangu atanikuta jioni."

Jioni hiyo kopo lilipatikana nyuma ya sanduku la shule, tupu.

Na hapa msimulizi hana pa kukimbilia. Niliwala wote sitini kwa siku mbili, na tumbo likanihukumu kabla ya dada. Barua niliisoma. Nikaona kwamba hukumu yangu ilikuwa ya uongo, nikaona aibu kuifuta, nikaifanya barua kuwa alama ya ukurasa kwenye daftari la hesabu. Dada alikuwa chumba cha pili, anapiga pasi.

Ameniamuru niandike haya yote kwa mkono wangu, bila utani, yatumwe kwako huko masomoni. Kuacha utani kumenishinda, shemeji. Mengine yote ni kweli, isipokuwa zile mbingu.