Kumbukumbu za Nani

Asubuhi ile kompyuta hazikukoroma, na hilo ndilo lililomshitua Khawla.

Alikwishazoea makelele yao. Zilikuwa kompyuta kuukuu, zilizochokwa na maofisi ya Ulaya, na mumewe Hisham alizichukua kwa ajili ya skuli yao ndogo, chini ya nyumba yao ya Hurumzi. Ulikuwa mwaka 2003. Vijana hawakutaka tena kufunzwa kupiga chapa tu. Hoteli za Kendwa na Paje zilikuwa zikitafuta watu wa kuziundia programu za wageni. Kwa hiyo Hisham alileta programu ya kutengenezea programu nyengine, na hiyo ilikuwa na tumbo lisiloshiba. Kila akiiingiza ilifika nusu, kompyuta ikaganda, kioo kikaandika kwamba kumbukumbu haitoshi. Alihangaika mwezi mzima, hata chakula kikawa hakimpiti.

Sasa zote zimeikubali. Programu ilifunguka kabla Khawla hajakaa sawa kitini. Akachukua bisibisi, akafungua kompyuta moja, akitarajia kukuta imeongezwa kumbukumbu. Kilikuwemo kipande kilekile kimoja cha siku zote, na vumbi lake. Ila vumbi lilikuwa likinukia udi.

"Umefanyaje?" alimuuliza mumewe.

"Fundi hasemi siri zake, mke wangu."

Khawla akacheka. Mwanamke akimuamini mumewe huyachekea hata yale ya kuyauliza.

Adhuhuri, wanafunzi wamekwenda kusali, alikuwa jikoni juu akikuna nazi aliposikia anaitwa kutoka chumba cha kompyuta. "Khawla." Sauti ya kiume, ya upole.

"Naam," aliitikia.

Wazee wanatuusia kwamba ukiitwa na usiyemuona, usiitikie mpaka mara ya tatu. Lakini mke gani husubiri kuitwa na mumewe mara tatu? Aliposhuka, chumba kilikuwa kitupu. Hisham alikuwa bado yuko msikitini.

Tangu siku hiyo akaanza kusahau. Kwanza vitu vya kuchekesha: mchuzi aliutia chumvi akautia tena, jirani yake wa miaka mingi akamwita "mwenzangu" kwa kukosa jina. Halafu alasiri moja alikaa kuchana nywele, akamtafuta mama yake kichwani, kama alivyokuwa akifanya kila akishika kitana.

Mama yake, Afra, alifariki Khawla akiwa mdogo. Baba akamuoa Bi Badriya, naye hakutaka jina la marehemu litajwe ndani ya nyumba ile. Mtoto akimlilia mamake alipigwa. Mji mzima ukamjua Khawla kuwa ni mtoto wa Badriya. Picha hakuachiwa hata moja. Alichobaki nacho ni mikono ikimsuka, harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa maua ya kilua, na sauti ikisema, "Tulia, mwanangu." Hivyo ndivyo vilivyomlea, si Badriya.

Alasiri ile mikono haikuja. Alishika kitana, akangoja, kikabaki kitana tu.

Magharibi ilipoingia alishuka kufunga madirisha ya skuli. Kompyuta zilikuwa zimezimwa, mwenyewe alizizima, lakini feni zake zote zilikuwa zikizunguka polepole, na ule udi aliouzoea haukuwepo tena, palikuwa na harufu nyengine, ya mafuta ya nazi na ya ua fulani, ikitoka ndani ya mashine pamoja na joto lao, na Khawla akasimama pale akiivuta puani huku machozi yanamtoka, kwa sababu alijua kwamba harufu ile ni yake, ni mali yake, na hakuweza kukumbuka imetoka kwa nani. Ndipo sauti ikasema, kwa taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba hakukosea mlango:

"Khawla binti Afra."

Safari hii hakuitikia. Alipanda ngazi akamkuta Hisham anakunywa chai.

"Hisham, jina la mama'angu umempa nani?"

Hisham akaweka kikombe chini. "Sema polepole. Majirani watasikia."

"Nasema polepole. Umempa nani?"

"Nlikwenda kwa mzee mmoja shamba. Nkamwambia mashine zangu zinataka kumbukumbu. Akanambia sawa, ziko, jini wake atazileta. Akaniuliza, kumbukumbu za nani?"

"Ukamwambia zangu."

"Kasema zitachukuliwa zile usozitumia. Mambo ya kale tu. Mama'ko kafa zamani, Khawla. Mimi nkisahau, nani atasomesha?"

Khawla alilia. Hakumlilia jini, jini ni jini, kazi yake ndiyo hiyo. Alililia jina lile, alilompa Hisham peke yake siku za fungate, akidhani analiweka pahala pa amani. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake alikuwa akikipikia.

Asubuhi alikwenda Michenzani, kwa Bi Tabia, mganga aliyeishi ghorofa ya juu na chetezo chake kando ya televisheni.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alisikiliza yote, akatia ubani kwenye makaa. "Jini alopewa mtu hafukuzwi kwa nguvu. Hupewa mtu kwa jina la mama, na kwa jina hilohilo hunyang'anywa. Utasema mbele ya moshi huu: mimi Khawla binti fulani, sikutolewa kwa ridhaa yangu. Lakini uliseme la alokuzaa. Ukisema jengine, umejitoa mwenyewe, na hapo mimi sina dawa. Haya, sema."

Khawla akafungua kinywa. Moshi ukapanda. Akakifunga.

"Limekwenda," alinong'ona.

"Nani mwengine analijua?"

"Mume wangu."

Bi Tabia alikisogeza chetezo kando. "Hatuna njia nyengine. Kamuulize. Swali lenyewe likariri njia nzima, usiwaze jengine."

Akalikariri. Alipokaribia nyumbani aliitwa kwa sauti ya upole, hakuitikia, akalishika swali lake. Lakini yaliyobaki yalikuwa yakimtoka kila akisogea, na alipoingia chumba cha kompyuta hakuwa na jengine kichwani.

Hisham akasimama, amejiandaa kutukanwa. Khawla akamtabasamia.

"Mume wangu, nimeambiwa nikuulize. Mama alonizaa akiitwa nani?"

Hisham alimuangalia machoni. Hasira hazikuwemo. Hata ugomvi wa jana ulikuwa umeliwa. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wakiandika, wengine wawili wawili kwenye kiti kimoja. Chumba hakijapata kujaa namna ile. Jina alikuwa nalo. Lilikuwa fupi, lingemtoka kwa pumzi moja.

"Badriya," alisema.

"Badriya," Khawla alirudia, na uso ukamng'ara. "Allah akuweke, Hisham. Sijui ningefanya nini kama si wewe."

Akalivuta vizuri buibui lake, akatoka mbio kurudi Michenzani, akilitaja jina lile njia nzima asije akalisahau.