Hodi ya Kituo cha Tisa

Mgeni alivua hedifoni, akaziweka mezani, akasema kituo cha tisa ndicho kilichomgusa kuliko vyote. Hedwiga alikuwa akiandika jina lake kwenye daftari la wageni, na kalamu ikasimama. Vituo vilikuwa vinane.

"Cha nane, labda," alisema. "Pale makaburini."

"Hapana, mama. Makaburini nilipita, nikabonyeza tisa kujaribu tu." Aliitwa Kilian, mwalimu kijana kutoka Songea, mtu wa kuchekacheka. "Mzee anapiga hodi. Anapiga, ananyamaza kama anasubiri, anapiga tena. Nimejisikia vibaya kuondoka bila kumwitikia."

"Hukumwitikia?"

"Ningemwitikia nini, mama? Si nyumba yangu."

Akaaga, akaenda kutafuta bodaboda ya kumrudisha Liuli. Hedwiga alizifuta hedifoni kwa kitambaa kama kawaida yake. Zilikuwa na unyevu, na kitambaa kilibaki na harufu ya tope la ziwani. Alijiambia ni jasho la mgeni. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi.

Ndondwa ni mji mdogo wa kale kando ya Ziwa Nyasa. Wamisionari waliujenga kwa mawe na matofali ya kuchoma, kisha meli zikaacha kuja na dunia ikahamia kwingine. Aidan, mume wa Hedwiga, alifundisha historia pale miaka thelathini, na alipostaafu hakuvumilia kuona wageni wakipiga picha magofu bila kujua wanapiga nini. Akarekodi sauti yake. Mgeni alipewa simu ndogo isiyo na laini pamoja na hedifoni, akatembea peke yake, na kila alipofika penye kibao chenye namba aliibonyeza namba hiyo, naye Aidan akamsimulia: gati la mawe, karakana ya boti, kanisa, kengele, shule ya bweni, nyumba ya wauguzi, kisima, makaburi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, kila kituo alikianza kwa hodi, hata mbele ya ukuta mtupu. "Nyumba ya watu haiwi gofu," alisema. Watu walimcheka, naye wala hakujali.

Miezi sita baada ya kumaliza kurekodi, presha ilimwangusha uani, akakata roho kabla gari halijafika. Sasa ulikuwa umepita mwaka na nusu.

Hedwiga mwenyewe hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa Matiri, kwenye baridi na mashamba ya kahawa, Mmatengo na Mkatoliki, akaolewa na Mwanglikana wa huku chini, wakakutana katikati, kwenye Kiswahili. Walipendana kwa Kiswahili, waligombana kwa Kiswahili, wakamlea binti yao Beata kwa Kiswahili. Kimatengo kilimshinda Aidan kabisa. Alijua maneno ya kuagana tu, na hayo aliyatamka vibaya kiasi kwamba shemeji zake walimsindikiza hadi barabarani kusudi wayasikie. Tangu afariki, hapakuwa na mtu Ndondwa wa kusema na Hedwiga lugha ya mama yake, wala wa kumtania kwa lugha yoyote. Beata alipiga simu kila Jumapili kutoka Mwanza, dakika chache, basi. Majirani walikuwa wema, lakini wema wa majirani una saa zake. Zikiisha, unabaki wewe na sufuria yako.

Ndiyo maana kila siku alisikiliza kituo cha nane. Mwishoni mwake Aidan alisahau kuzima kinasa sauti. Unamsikia akikohoa, akihangaika na vitufe, kisha anaita: "Mama Beata! Njoo uzime hiki kidude, mimi kimenishinda." Mahali pengine pote Aidan alikuwa akisema na wageni. Hapo tu alikuwa akimwita yeye.

Alasiri hiyo alifunga ofisi mapema, akaenda nyumbani na simu moja ya wageni, akaketi mezani mkabala na kiti cha Aidan, akavaa hedifoni na kubonyeza tisa.

Kwanza hakusikia kitu. Halafu akasikia maji yakigonga mawe, taratibu.

"Hodi."

Ilikuwa sauti yake, ileile, yenye kikohozi kidogo mbele.

"Hodi."

Kuku waliokuwa wakiparura uani walinyamaza wote kwa mara moja.

"Hodi wenyewe."

Hodi ya tatu ikikosa jibu, mtu mwenye adabu huondoka. Hedwiga alilijua hilo, na alikuwa ameshaondokewa mara moja.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, Baba Beata."

Hedifoni zikanyamaza. Akazivua, akaziweka mapajani, na hapo sauti ikasema kutoka kwenye kile kiti kitupu, karibu kabisa, "Ahsante."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba alipiga yowe akakimbilia kwa majirani. Hakukimbia. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo inayotisha kuliko mengine yote katika habari hii. Maana sauti ilianza kuzungumza naye kwa Kimatengo, Kimatengo safi cha Matiri, kile cha bibi yake alipokuwa akilima ngoro, yale mashimo ya shamba mlimani, na ikamuuliza habari za kahawa ya baba yake, na ikamkumbusha jina la mbwa aliyekufa yeye akiwa darasa la pili. Akili yake ilijua. Aidan asingeweza kuunga hata sentensi moja ya namna hiyo. Lakini mwenye njaa haulizi nani kapika.

Hakuona kitu. Aliona kiti kinalowa tu, maji yakidondoka chini tone kwa tone. Kahawa aliyoiandalia sauti ile asubuhi, ikifika saa sita kikombe kilikuwa kimejaa maji ya ziwa, na siku moja mlikuwa na usipa mmoja, dagaa wa ziwani, hai, akizunguka humo ndani. Hedwiga alimwaga, akasuuza kikombe, akamimina kahawa nyingine. Hakufungua tena ofisi. Kula alisahau, na sketi zake zikaanza kumpwaya.

Siku ya nane asubuhi, Rosina, jirani yake anayeanika usipa kwenye vichanja, alikuja akasimama mlangoni bila kuingia. Mkononi alishika simu nyingine ya wageni.

"Dada Hedwiga," alisema kwa sauti ya chini. "Jana walikuja watalii wawili, nikawapokea kwa niaba yako. Wamerudi wakilalamika. Kituo cha kwanza maji matupu, cha pili maji, hivyohivyo mpaka cha saba. Nimesikiliza mwenyewe. Mwalimu hayumo."

"Cha nane?"

"Cha nane yumo, lakini kwa mbali." Rosina alichungulia ndani, akaona kiti na dimbwi chini yake. "Dada, unacheka na nani humu kila siku?"

Hedwiga alikuwa akihesabu. Siku saba za maongezi matamu, vituo saba. Kila alichoambiwa kwa Kimatengo kilikuwa kimetengenezwa kwa maneno ya mumewe, neno kwa neno, kama mtu anayebomoa nyumba yako na kukuuzia matofali. Akashikwa na hofu kwa mara ya kwanza, na aibu kubwa kuliko hofu.

Rosina akamfuata Bibi Ottilia kwa pikipiki. Huyu alikuwa mganga kutoka kijiji cha Kihagara, mfupi, rozari shingoni na kikapu cha mizizi begani, mwanamke asiyependa kupoteza muda. Saa tano alikuwa ameshainusa meza, ameinusa mlango, na amekizunguka kile kiti bila kukigusa.

"Shikamoo, bibi," Hedwiga alisema.

"Marahaba. Nani alimkaribisha huyu?"

"Mimi."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, bibi."

"Sasa mimi nimfukuze vipi? Mimi ni polisi?" Akakaa kwenye kigoda, akapumua. "Jini hili lilikuwa kwenye jabali la kule nyuma ya makaburi tangu misheni haijaja. Nyumba za watu haliwezi kuingia bila ruhusa, na ruhusa halikujua namna ya kuiomba. Mumeo, Mungu amrehemu, akapita na mashine yake akiwapigia hodi mawe. Amelifundisha. Na wewe! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umempa kiti na kahawa."

"Likimaliza cha nane?"

"Likimaliza sauti yake litaanza yako. Hebu niambie, ulijuaje kwamba si yeye?"

"Anakisema Kimatengo vizuri mno, bibi. Mume wangu alijua kuagana tu, na hata huko alikuwa akivunja maneno, hivi." Hedwiga akayatamka kama alivyoyatamka Aidan, mkazo mahali si pake, na kile kicheko cha aibu mwishoni. Alijikuta akitabasamu.

Matone chini ya kiti yakakoma. Bibi Ottilia alikitazama kiti, akamtazama Hedwiga, akasonya.

"Umelisema hilo humu humu ndani."

Kisha akashusha sauti, akamwekea mdomo sikioni. Mgeni aliyekaribishwa hatolewi, alisema, husindikizwa. Avae hedifoni, abonyeze tisa, atangulie yeye mpaka kwenye jabali. Jini likimuaga, anyamaze, ageuke, arudi. "Kuna neno tunamwambia kila mgeni anapoondoka. Ukilitamka hilo, kazi yangu imekwisha, na mimi sirudi hapa."

Hedwiga alilijua neno lenyewe. Mtoto wa miaka mitatu analijua.

Aliondoka nyumbani saa sita kamili, jua utosini, ziwa limelala bila wimbi. Watu walikuwa ndani wakila. Alipita gatini, ambapo zamani Aidan alikuwa akisimulia habari za meli, na masikioni mwake mlikuwa na maji tu, na nyuma yake, nje ya hedifoni, palikuwa na nyayo zilizolowa zikikanyaga vumbi, na alipopita karakana zikawa karibu zaidi, na alipopita kanisa na kengele sauti ikaanza kumbembeleza kwa Kimatengo, ikimuuliza nani atamwamsha asubuhi, nani atamwita kwa jina lake la utotoni, ataongea na nani mvua zikianza na Rosina akajifungia kwake na wanawe, na yeye akatembea tu, shuleni, kwa wauguzi, kisimani, machozi yakimtiririka na jasho likimtiririka na harufu ya tope ikimziba pua, na hakugeuka, na hakujibu, hata ilipoacha sauti ya Aidan ikashika sauti ya mama yake mzazi na kumwomba wapumzike kidogo kivulini kwa kuwa miguu inauma.

Alipita makaburi. Kaburi la Aidan lilikuwa safi. Yeye ndiye aliyelifagia wiki mbili nyuma. Akashuka kijia hadi kwenye jabali, ambako maji ni meusi kwa kina.

"Haya, nimefika," ilisema sauti. "Ahsante kwa kunisindikiza."

Hedwiga akanyamaza. Akasikia kitu kizito kikiingia majini, polepole, kama mtu anayeoga. Akageuka. Akapanda hatua tano, kumi, mpaka akaliona tena lango la makaburi. Kazi ilikuwa imekwisha. Mbele yake kulikuwa na nyumba, na kituo kimoja cha kusikiliza, na simu ya Beata ya Jumapili.

Nyuma yake, chini majini, sauti ikaaga kwa Kimatengo. Maneno yalivunjika, mkazo mahali si pake, na mwishoni kikaja kicheko kidogo cha aibu.

Wapo watakaomtetea kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza. Alisimama pale muda wa kutosha. Alikumbuka aliyatamka wapi maneno hayo asubuhi ileile, na ni nani aliyekuwa ameketi kwenye kiti akisikiliza. Alijua yote. Ila hakuna mtu aliyemvunjia maneno ya nyumbani kwao hivyo kwa mwaka na nusu, na wale shemeji zake Aidan wa Matiri hawakuwepo kucheka naye.

"Karibu tena," alisema.

Rosina na Bibi Ottilia walikuwa wakimsubiri ofisini.

"Umenyamaza?" bibi aliuliza.

"Nimenyamaza."

 Bibi Ottilia alikataa chai, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kuaga. Hedwiga akabonyeza nane, yeye na Rosina wakigawana hedifoni, sikio moja kila mtu. Kikohozi kilikuwamo, vitufe vilikuwamo, na Aidan alimwita wazi kabisa, kama zamani. Rosina alimkumbatia, akalia kwa furaha.

Alirudi nyumbani na simu ile mkononi, akakausha dimbwi, akakifuta kiti. Akachemsha kahawa. Aliweka vikombe viwili, akaurudishia mlango bila kushusha komeo. Jua lilikuwa bado juu. Hodi haikupigwa, maana aliyeambiwa karibu tena hahitaji kuomba ruhusa. Kuku walinyamaza, harufu ya tope ikaingia, kiti kikalia kama kinavyolia kikilemewa.

"Mama Beata!" iliita sauti, safari hii kwa Kiswahili, baada ya kikohozi kidogo. "Njoo uzime hiki kidude, mimi kimenishinda."

Hedwiga alivaa hedifoni, akabonyeza nane, akasikiliza mpaka mwisho. Maji matupu. Akazivua, akamimina kahawa kwenye kikombe cha pili, akakisogeza upande wa pili wa meza. Kisha akafungua kinywa amwambie mgeni karibu, na kilichomtoka kilikuwa mlio wa maji yakigonga mawe, taratibu.