Dirisha la Paa la Zimbru ya Nane

"Nyati mweupe anavuka kabla ya saa nne. Una nafasi ya kufungua gari moja tu. Usikosee."

Sauti ya Kanali ikakatika kwenye redio ya Motorola.

Smaranda Vlaicu akatazama saa. Saa tatu na dakika thelathini na tano.

Dakika ishirini na tano.

Foleni ya magari ilikuwa imetanda juu ya bwawa la Milango ya Chuma, kuanzia kizuizi cha forodha hadi kwenye kona ya mlima. Chini, Danubi ilikuwa ikifuka mvuke. Ng'ambo ilikuwa Serbia. Baridi ilishuka hadi nyuzi tisa chini ya sifuri, na Januari sita ilikuwa sikukuu ya Ubatizo, kwa hiyo kila mwenye shangazi ng'ambo alikuwa barabarani.

"Zipo ngapi, Fănel?"

Fănel, mwenzake wa kazi kwa miaka sita, alitoa kichwa nyuma ya lori la matofali. "Nane, dada. Zote nyeupe. Wangetutuma kumtafuta mbuzi wa zambarau ingekuwa nafuu."

Nyati ni Zimbru. Ni lile gari la familia lenye miguu mirefu na alama ya nyati puani. Nusu ya nchi yetu inaliendesha, nusu iliyobaki inaliwekea akiba.

Ndani ya mojawapo ya zile nane kulikuwa na daftari. Liliibwa jana kutoka kwenye sefu ya Idara ya ujasusi. Lilikuwa na majina saba halisi, yameandikwa kwa mkono, ya majasusi wanaoishi ugenini kwa majina ya bandia. Mnunuzi hakutaka picha wala nakala. Nakala hughushiwa. Alitaka wino wenyewe, na alikuwa akiusubiri upande wa pili wa mto.

Jina la tatu lilikuwa Horia Vlaicu.

Kaka yake.

Mama yao aliamini Horia ni mpishi kwenye meli ya mafuta huko Norwe. Daftari likivuka, kabla ya jua kuzama watu saba watakuwa maiti.

"Tufunge mpaka," alisema Fănel. "Tuyachambue yote, bati kwa bati."

"Tukifunga atageuza. Kuna vivuko vingine vitatu na huko hatuna jicho hata moja."

"Basi tutabahatisha?"

Smaranda alikuwa akimtazama Padri Nichifor.

Mzee yule alikuwa akishuka kutoka mwanzo wa foleni, amevaa joho la dhahabu juu ya koti la manyoya, ameshika fungu la mrehani na msalaba mkono mmoja, ndoo ya maji ya baraka mkono wa pili. Kila mwaka siku hiyo hubariki magari ya foleni. Na mtu wa kwetu akibarikiwa gari hafungui kioo tu. Anafungua milango yote minne, boneti na buti, ili maji ya baraka yafike hadi kwenye tairi la akiba. Asiyefungua ataeleza nini kwa mkewe siku akipata pancha?

"Fănel. Mpokee baba ile ndoo."

"Mimi? Mara ya mwisho kuingia kanisani nilikuwa nabebwa."

"Utabebwa tena usipofanya haraka."

Smaranda akajifunga mtandio, akachukua kikapu cha mishumaa kutoka kwa mama mmoja wa parokia, na kumnong'oneza padri maneno matatu. Padri alimtazama juu ya miwani.

"Wabaya kwelikweli?"

"Kwelikweli, baba."

"Basi nyuma yangu, mwanangu. Na usiimbe kama hujui."

Saa tatu na dakika arobaini na mbili.

Zimbru ya kwanza. Milango wazi, boneti wazi. Beji ya nyuma: Prestij, daraja la juu kabisa. Paa: bati tupu.

Mwongo.

Ya pili. Prestij. Bati tupu. Mwongo mwingine.

Hilo halikumshangaza. Zimbru zina madaraja matatu: Esențial ya chini, Confort ya kati, Prestij ya juu yenye dirisha la paa. Lakini beji za Prestij zinauzwa sokoni kando ya soksi, na watu wetu wanazinunua. Fănel mwenyewe alibandika yake kabla hajatoa nailoni kwenye viti.

Ya tatu ilikuwa Prestij ya kweli. Mwenyewe, bwana mnene mwenye kofia ya manyoya, alibonyeza swichi na kioo chote cha paani kikateleza nyuma. Kwa baridi ile!

"Na hapa juu, baba! Mwaga tu! Nimelilipia hilo dirisha!"

"Tunaliona, Sandu, tunaliona," alisema mkewe. "Hata walioko Serbia wameliona. Funga, masikio yananidondoka."

Ya nne, bati na beji ya uongo. Ya tano, Confort bila dirisha. Ya sita, Prestij ya kweli, dirisha likafunguliwa kwa mbwembwe zilezile. Ya saba, mwongo.

Saa tatu na dakika hamsini na moja.

Smaranda akafika ya nane.

Dereva alikuwa peke yake. Amenyoa vizuri, koti la kijivu, tabasamu la adabu. Alifungua milango minne. Akafungua boneti. Akafungua buti. Alijua desturi zote.

Beji ya nyuma: Esențial.

Paa: kioo cheusi, kutoka mbele hadi nyuma.

Smaranda akarudi hatua tatu, akatoa simu.

"Mama. Swali moja. Esențial inawekewa dirisha la paa?"

"Nilijua!" Sauti ya mama ilitoka na harufu ya kitunguu kinachokaangwa, ungeapa. "Lile gari uliloniahidi, unataka kuninunulia Esențial!"

"Mama, jibu."

"Haiwekewi! Confort unaongezewa ukilipia, tena ile ya gia otomatiki tu. Prestij linakuja nalo. Brosha ninayo hapa mezani, ukurasa wa kumi na nne."

"Hata kwa oda maalumu?"

"Hata ukamlilie mkurugenzi. Labda fundi wa uchochoroni akukatie bati, na hilo litavuja. Kwani uko wapi? Mbona kuna padri?"

"Kanisani, mama. Nakupigia."

Alitazama kingo za kile kioo. Zimenyooka, raba ya kiwandani. Hakuna fundi aliyekata kitu.

Hii ilikuwa Prestij iliyovishwa beji ya Esențial. Kuna mtu alilipa bei ya juu kabisa, kisha akajishusha ili asitazamwe.

Hapa kwetu! Watu wanaazima cheo, wanaazima suti, wanabandika beji ya sokoni. Hajazaliwa wa kuivua.

Aliyefanya hivyo alijifunza desturi zetu zote, ila hakutujua sisi.

"Na dirisha la juu, mwanangu," alisema Padri Nichifor kwa upole. "Yote yafunguke."

Tabasamu la dereva halikusogea. "Limegoma, baba. Baridi."

"Ya Sandu imefunguka."

"Hii ni mbovu."

"Mbovu, na bado inanukia dukani?" alisema Smaranda, akiinama kupitia mlango wa abiria. "Ngoja nikusaidie, kaka."

Akabonyeza swichi.

Mota ilinguruma. Kioo kilisogea upana wa vidole viwili, kikakwama. Ndani ya paa kitu kilikunjika, sauti kavu ya ngozi na karatasi.

Mkono wa dereva ulipenya ndani ya koti la kijivu.

"Fănel!"

Ndoo nzima ya maji ya baraka ilimpata dereva usoni, kwenye baridi ya nyuzi tisa chini ya sifuri. Alivuta pumzi moja ndefu kama mtu aliyesahau jina lake. Bastola ilitoka ikielekea mawinguni. Smaranda alikwishazunguka boneti. Goti tumboni, kiwiko kwenye kifundo cha mkono, na Glock, bastola ya Smaranda mwenyewe, ikatua nyuma ya sikio lililolowa.

"Lala. Taratibu."

Akalala kwenye theluji.

"Huyu nimembariki hadi soksi," alisema Fănel, akihema, ndoo tupu mkononi.

Padri Nichifor alijifanya anasafisha miwani.

Smaranda aliketi kwenye kiti cha dereva, akaingiza kisu chini ya kitambaa cha paa, akakipasua. Daftari jekundu lilimwangukia mapajani. Akafungua ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu. Horia Vlaicu, wino wa bluu. Alimpenda mjinga yule kuliko kitu chochote duniani.

Saa tatu na dakika hamsini na sita.

Redio ikakoroma. "Nyati?"

"Amefungwa, Kanali. Majina yote saba nyumbani."

"Safi. Kwa tahadhari tunawaita wote saba warudi wiki hii. Kizuizini wanauliza kelele za nini."

"Waambie ni baraka."

Fănel alimwingiza mtu yule, akitweta na meno yakigongana, nyuma ya lori la matofali. Honi zikaanza kulia. Bwana Sandu alitokeza kichwa kwenye dirisha lake la paa na kuuliza kama foleni imekufa. Mkewe akamvuta chini kwa mkanda.

Simu ikatetemeka.

"Ulikata," alisema mama. "Haya, nimefikiri. Chukua hiyo Esențial. Dirisha la paa ni majivuno ya kizee. Nililitaka kwa ajili ya Horia tu. Unakumbuka alivyokuwa akisafiri na kichwa nje, anahesabu mwewe? Lakini miaka minne hajaja. Nani atahesabu?"

Smaranda alisimama katikati ya bwawa. Macho yalimchoma, akaulaumu upepo.

"Mama, tunachukua Prestij."

"Yenye dirisha?"

"Yenye dirisha la kiwandani. Wanamwita arudi. Wiki hii."

Upande wa pili kikaango kikaacha kulia.

"Nani kakuambia?"

"Nimeona jina lake kwenye orodha," alisema Smaranda, akatia daftari kifuani, akafunga zipu hadi kidevuni, na kuanza kutembea kuelekea upande wa nyumbani.