Barua Alizozifupisha Mwalimu Kornelio

Ndugu zangu, ninyi mnaoishi huku milimani mnakumbuka jinsi shule zetu zilivyokuwa siku zile za Ujamaa. Shule ninayotaka kuwasimulia ilikuwa mbele ya Rangwi, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne. Ilikuwa na madarasa manne tu, bustani ya kabichi, na ofisi ndogo iliyotenganishwa na darasa la pili kwa ukuta wa mbao. Watoto wakimaliza la nne walikwenda kuendelea kwingine.

Walimu walikuwa watatu. Mwalimu Mkuu alikuwa Kornelio, mtu mrefu, msafi, aliyefundisha hapo miaka ishirini na miwili. Msaidizi wake alikuwa Mwalimu Selemani, mtu wa hesabu na wa mzaha. Wa tatu alikuwa Mwanaisha, binti wa miaka kumi na minane aliyeletwa mwaka 1977 na ule mpango wa UPE wa kuwaingiza watoto wote shuleni. Alikuwa ameishia darasa la saba na kupata mafunzo mafupi, lakini watoto wa darasa la kwanza walimfuata kama vifaranga.

Kila Alhamisi basi lilileta barua kutoka Lushoto, zote kwa anwani ya shule, maana kijiji hakikuwa na sanduku jingine. Siku hiyo wazee na kina mama walikaa kwenye benchi nje ya ofisi, wamejifunika mablanketi, wakisubiri. Mwalimu Kornelio alivaa miwani, akafungua kila bahasha kwa wembe, akasoma kwa sauti yake nzuri. Alisoma bure, bila kumdharau mtu. Watu wakaondoka wakimshukuru. Ukipita njiani wakati ule ungesema kijiji hiki kimebarikiwa kupata mtu kama huyu.

Sasa sikilizeni. Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, Mzee Sefania alipata barua kutoka kwa mwanawe aliyekuwa Tanga. Mwalimu alipoipitia kwa macho aliona kijana amefukuzwa kazi. Akamtazama mzee, mkongojo mkononi, kifua kinabana kwa baridi. Akamwonea huruma. Akasema, "Mwanao anakusalimu sana, Mzee. Yuko salama." Mzee aliondoka anacheka, na Mwalimu akajiona ametenda jema.

Ndipo mazoea yalipoanzia. Barua ndefu aliifupisha. Habari mbaya aliilainisha. Ugomvi wa ndugu aliuruka. Kidogo kidogo akawa yeye ndiye anayeamua nani ajue nini, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakuna mwingine pale kwenye benchi aliyejua kusoma.

Hata mkewe hakujua kusoma. Naam, msishangae. Paskalina, mke wa Mwalimu Mkuu, alikuwa hajui herufi moja. Walipooana, mwaka ule ule mume alipoanza kazi hapo, alimwomba amfundishe, naye akamwambia, "Ngoja tumalize mitihani." Mitihani ilikuja na kupita mwaka baada ya mwaka.

Alhamisi moja mwezi wa pili ilikuja barua ya Paskalina kutoka kwa binti yao Josephina, aliyekuwa ameolewa Magoma, kule chini penye joto. Alikuwa na mimba ya kwanza. Mwalimu aliisoma peke yake ofisini. Kurasa mbili. Akaikunja, akaenda nayo nyumbani.

Wiki iliyofuata mkaguzi wa shule alikuwa anakuja, na Paskalina ndiye angewapikia wageni. Viazi navyo vilikuwa tayari kuchimbwa. Mwalimu alijisemea: mimba ya kwanza kila mwanamke huogopa. Nikimwambia leo, kesho hayupo. Wageni wakishaondoka nitamwambia.

"Josephina anakusalimu," alimwambia mkewe, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni. "Hajambo. Anasema Magoma joto kali."

"Hali yake je?"

"Anaendelea."

Paskalina aliacha kupepeta. "Karatasi mbili zote, Baba Josephina, ni hayo tu?"

"Unajua vijana wanavyopenda maneno."

Mkaguzi akaahirisha safari hadi wiki nyingine. Alipokuja, alikula, akasifu kabichi, akaondoka. Mwalimu akataka kusema, akaona aibu ya kuchelewa, akasema kesho. Kabla kesho hiyo haijafika, utingo wa basi alileta habari: Josephina amejifungua mtoto mfu, na mwenyewe amelazwa, hali yake si nzuri.

Paskalina aliteremka Magoma siku ile ile. Alimkuta bintiye amevimba uso, hana nguvu hata ya kuinua kikombe. Josephina alimwamkia mama yake, "Shikamoo," akageukia ukutani. Siku tisa zote mama alimwosha na kumlisha, na binti alimjibu kwa neno moja moja. Paskalina alidhani ni uchungu wa kufiwa. Hakujua kwamba kwa majibu yale mafupi anaulizwa swali.

Alirudi milimani, akasubiri barua. Haikuja mwezi wa nne, wala wa tano. Majirani walimpa pole, wakisema ni mapenzi ya Mungu. Mwalimu Kornelio aliitikia pamoja nao, "Ni mapenzi ya Mungu." Ile barua alitaka kuichoma, mkono ukakataa. Aliificha ndani ya daftari la zamani la maandalio ya masomo, chini ya sanduku la mbao pale nyumbani.

Mwaka ule serikali ilisisitiza kisomo cha watu wazima. Kila shule ilitakiwa kufundisha wasiojua kusoma, alasiri, mara mbili kwa wiki. Mwalimu Mkuu aliitupa kazi hiyo kwa Mwanaisha.

"Wewe ndiye mgeni," alimwambia. "Mimi na Selemani tuna kazi za maana."

"Sawa, Mwalimu," akajibu Mwanaisha, akaandaa chaki zake.

Jioni ile Paskalina alimwambia mumewe, "Nataka kwenda kisomo. Mwanangu haandiki tena. Nataka nimwandikie mwenyewe."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Mke wa Mwalimu Mkuu akakae kwenye dawati afundishwe a, e, i, o, u na binti wa UPE? Watu watasemaje?"

"Basi nifundishe wewe."

"Nitakufundisha. Ngoja tumalize mitihani."

Paskalina hakubishana. Kila Jumanne na Ijumaa alichukua mundu na kamba, akasema anakwenda kumkatia ng'ombe majani, na kweli kila mara alirudi na mzigo wa majani kichwani. Mwalimu hakuona kitu. Siku moja Selemani alimwambia kwa mzaha, "Mwalimu Mkuu, daftari la mahudhurio ya kisomo hujalifungua hata mara moja. Kuna majina mazuri mle."

"Hayo ni ya yule binti," Kornelio akajibu, akaendelea kusahihisha. Laiti angelifungua.

Ilifika Ijumaa moja ya mwezi wa kumi. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha. Mwalimu Kornelio, ambaye alasiri kwa kawaida huwa ameshaondoka, siku hiyo alikuwa ofisini anapanga ratiba, na upande wa pili wa ukuta wa mbao wanakisomo walikuwa wakisoma. Mwanaisha alikuwa amewaambia walete karatasi yoyote iliyoandikwa kwa mkono, wazoee maandishi ya watu na si ya kitabuni tu. Mmoja alisoma orodha ya vitu vya duka la Ujamaa. Mwingine kadi ya kliniki. Kisha ikaanza sauti ya mwanamke, polepole, silabi baada ya silabi.

"Ma-ma m-pe-ndwa. Shi-ka-moo. Mi-mi si m-zi-ma sa-na."

Kalamu ilisimama mkononi mwa Kornelio.

"Mi-gu-u i-me-vi-mba. Vi-a-tu ha-vi-i-ngi-i. Ki-chwa ki-na-ni-u-ma ki-la si-ku, na ma-cho ya-na-o-na vi-mu-li-mu-li."

Alizijua sentensi zile. Alikuwa amezibeba miezi minane. Aliitambua na sauti, ingawa hakuwahi kuisikia ikisoma. Aliinuka, akazunguka nje kwenye mvua, akasimama mlangoni mwa darasa la pili. Mkewe alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele, mundu miguuni, kidole juu ya karatasi, na kando yake lile daftari la zamani alilolitoa chini ya sanduku akitafuta karatasi ya kusoma. Mwanaisha, aliyesimama nyuma yake, alikuwa ameshatangulia kwa macho hadi mwisho, na uso ulikuwa umembadilika.

"Mama," alisema taratibu, "tuishie hapo leo. Umesoma vizuri sana."

"Hapana, Mwalimu," Paskalina akasema bila kuinua kichwa. "Nitafika chini."

Akaendelea. "Mu-me wa-ngu yu-ko sa-fa-ri-ni. Si-na m-tu. Na-ku-o-mba, Ma-ma, u-je ka-bla mwe-zi ha-u-ja-i-sha. U-si-po-we-za, ni-tu-mi-e ha-ta ne-no mo-ja ni-ju-e."

Paskalina aliikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani. Ndipo alipomwona mumewe mlangoni, maji yakimdondoka kichwani.

"Mwalimu," alimuuliza, na hakupandisha sauti, "hii ndiyo ile ya joto la Magoma?"

Mwalimu Kornelio, aliyewahi kuhutubia mbele ya mkuu wa wilaya, alirudi nyuma hatua moja, akasimama mvuani. Mkewe alichukua mundu na kamba, akampita. Alikata majani kama kawaida, akamlisha ng'ombe. Kesho yake asubuhi alipanda basi la Lushoto, apite Mombo na Korogwe, aende kwa mwanawe.

Alhamisi iliyofuata watu walikuja kwenye benchi. Mwalimu alivaa miwani yake, akatoka. Aligawa bahasha, na hakuna aliyemrudishia amsomee. Walikuwa wakimsubiri Mwanaisha amalize darasa la kwanza. Mzee Sefania pekee ndiye aliyejikongoja mpaka kwake, akatoa kwenye kopo la chai barua iliyochakaa.

"Mwalimu, hii ulinisomea mwaka juzi. Nisomee tena. Yote."

Kornelio aliishika. Angeweza kufupisha tena. Alisoma yote: kwamba kijana amefukuzwa kazi, kwamba anaona haya, na kwamba anamwomba baba kipande cha shamba ili arudi nyumbani. *Usiponijibu, Baba, nitajua umenikataa.*

Mzee alilishika kopo kwa mikono miwili. "Kwa hiyo alisubiri jibu langu."

"Alisubiri, Mzee."

"Na sasa yuko wapi?"

"Sijui. Nisamehe."

Mzee alirudisha barua koponi. Hakutukana, wala hakusema amesamehe. Alikwenda kukaa kwenye benchi pamoja na wengine, akisubiri Mwanaisha amwandikie.

Siku ile Mwalimu Kornelio aliingia darasa la kwanza watoto walipokwisha toka. Mwanaisha alisimama haraka. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, kwa heshima ile ile ya kila siku, na heshima hiyo ilimchoma kuliko matusi.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Kazi niliyokutupia ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

Kisha alimkabidhi Selemani shule kwa siku nne, akashuka Magoma.

Josephina alikuwa uani anachambua mchele, mama yake amekaa kando kwenye mkeka. Kornelio alisimama juani na koti lake la milimani, akasema yote aliyokuja kusema: wageni, viazi, aibu, daftari la zamani. Hakuruka kitu. Alipomaliza, binti aliweka ungo chini.

"Baba," alisema, "mimi nilijua Mama hajui kusoma. Nilijua ni wewe utakayeisoma ile barua. Nilidhani nimewaambia ninyi wawili."

Mwalimu Kornelio alikaa pale pale chini, kwenye vumbi, akalia. Paskalina alimtazama muda mrefu. Kisha alisogea kwenye mkeka, akampa nafasi.

MAFUNZO

Ndugu zangu, Kornelio hakuwa mlevi wala katili. Alikuwa mtu mwema aliyejiona ana haki ya kujua kwa niaba ya wengine. Ubaya wa namna hii hauna harufu wala kelele, ndiyo maana unakaa ndani ya nyumba miaka mingi bila kufukuzwa.

Ewe unayesoma barua ya mwenzako, au cheti chake cha dawa, au hati ya shamba lake: soma yote. Habari si yako, hata kama inauma. Huruma inayomficha mtu habari zake inamnyang'anya nafasi ya kufanya jambo wakati bado lipo la kufanya.

Na ewe mwalimu, usimdharau mwenzako kwa uchache wa miaka yake ya shule. Mwanaisha alifanya kwa miezi mitano jambo ambalo Kornelio aliliahirisha miaka ishirini na miwili.

Josephina alipata mtoto wa kike baada ya miaka miwili, na bibi yake alikuwepo. Barua za Magoma sasa huandikwa kwa jina la Paskalina, naye huzifungua mwenyewe. Lakini yule mtoto wa kwanza hakurudi, na mwana wa Mzee Sefania hajajibu mpaka leo.

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyekuomba umfundishe, usimwambie angoje mitihani iishe. Kaa naye leo alasiri, umwoneshe herufi ya kwanza.