Nilimwandikia Esta Kushoto Badala ya Kulia

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Maguu, mtoto wa wakulima wa kahawa. Nauza dawa kwenye famasi moja hapa Mbinga mjini. Wateja wananiita daktari, nami naitika... Laiti wangejua nilifikaje hapa!

Ndugu wasomaji, nilipoanza chuo cha famasi nilikuwa wa kwanza darasani, na sikuficha kwamba najua. Kemia ogania iliwatoa wenzangu jasho, mimi niliipenda. Mwalimu alituambia asiyeielewa ataishia kuwa muuza pipi tu. Basi kila baada ya vipindi wenzangu walinizunguka niwaelekeze, na nilijisikia malkia.

Esta alitoka Lituhi, kando ya ziwa, kwao ni wavuvi. Tulipanga chumba kimoja. Mwanzoni mimi ndiye niliyemfundisha, nisikieni vizuri, mimi! Siku moja akakata muhogo mbichi vipande vipande, akaviunganisha kwa njiti za kiberiti, akasema hiki kaboni, hiki haidrojeni. Watu wakacheka, wakaelewa, wakahamia kwake. Jaribio lililofuata akanizidi alama. Mwalimu akampongeza mbele ya wote, nami nikapiga makofi huku roho inaniuma!

Wikiendi moja nikaenda naye nyumbani kwetu. Mama yangu mzazi akampakulia mboga kabla yangu! Kisha akaniambia, "Devota, ona mwenzio alivyo mchangamfu. Wewe umerithi kununa kwa shangazi yako." Ugali ule niliumeza tu, sikusikia ladha yake.

Mitihani ilipokaribia Esta akaugua malaria, akarudi kwao wiki mbili. Mnisamehe... nilifurahi! Aliporudi alifanya mtihani hivyo hivyo, na ogania ikamwangusha. Akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio. Akifeli na huo, anadisko, chuo basi.

Tulipokuwa tunafunga kwenda likizo aliniomba madesa, yaani notisi, ya mada aliyoikosa alipokuwa mgonjwa. Simu yake ilikuwa kitochi, haipigi picha, na wenzetu walikuwa wameshaondoka. Akasema, "Niandikie wewe, Devota. Mwandiko wako nauelewa kuliko wa mwalimu."

Nikamwandikia kurasa nne, safi, kwa kalamu za rangi mbili. Mada ilihusu molekuli zinazofanana kwa kila kitu, ila moja ni ya kulia na nyingine ya kushoto, kama kandambili. Ukifuata atomi kwa mpangilio wake zikazunguka kama mshale wa saa, hiyo ni ya kulia. Mimi nikaandika ya kushoto. Neno moja tu! Nikazikunja kurasa, nikamkabidhi.

Sapu ikajaa mada hiyo hiyo. Esta akafeli, akadisko. Alilia begani kwangu akisema kichwa chake ni kizito, nami nikambembeleza. Hivi mimi ni mtu wa namna gani?

Nikawa wa kwanza tena. Lakini darasa halikurudi kunizunguka... Walikuwa wanamkumbuka yeye, na nikamwonea wivu hata akiwa hayupo!

Mwezi uliopita Esta aliingia hapa famasi, nguo zinanukia usipa, wale dagaa wa ziwani anaoanika kwao ufukweni. Alikuwa na mdogo wake, Neema, ambaye aliniamkia shikamoo. Neema amechaguliwa kusomea famasi. Esta akatoa mfuko wa nailoni kwenye pochi, na ndani yake... kurasa zangu nne!

Akamwambia mdogo wake, "Hizi aliniandikia dada Devota. Mimi zilinishinda kwa ujinga wangu. Wewe zishike, zitakusaidia."

Nisiwafiche, hata hapo kitu cha kwanza nilichohisi ni wivu. Anaanika samaki juani na bado anacheka vilevile! Kisha nikamwona yule binti anazipokea kurasa kwa mikono miwili. Nikamnyang'anya. Nikachukua kalamu, nikakata neno langu mbele yao, nikasema yote.

Neema akaanza kulia. Esta hakunitukana. Aliniuliza taratibu, "Kwa hiyo mimi sikuwa mjinga?"

 Kabla sijamjibu akamshika mdogo wake mkono, wakaondoka.

Wasomaji wenzangu, wivu ukiwabana, mnyimeni mtu daftari! Mwambieni usoni kwamba hamtaki. Atanuna, ataenda kuuliza kwingine, maisha yataendelea. Lakini msimwandikie uongo kwa mwandiko anaouamini, kwa sababu hataulaumu mwandiko, atajilaumu mwenyewe miaka na miaka. Nawaomba sana...

Kila siku nampigia Esta, hapokei. Siku akipokea sitaanza na samahani. Nitaanza kwa kumjibu lile swali lake.