Bolti ya Kwanza

Hebu niambie wewe unayejifanya hushtuki na chochote: geji ya tangi lisilo na mafuta, waya wake umekatwa miaka tisa iliyopita, inapandaje mpaka ikafika nusu?

Ndivyo Msomi alivyoikuta asubuhi ile, gari limezimwa, funguo ziko mfukoni mwake. Aliigonga geji kwa ukucha. Mshale ukatetemeka kidogo, ukabaki palepale. Akajiambia ni unyevu. Mtu mwenye digrii ya uinjinia wa mitambo lazima ajiambie kitu.

Msomi ndilo jina walilombandika pale gereji kwa mjomba wake, na wala halikuwa la heshima. Mwaka wa nne huu tangu avae joho. Barua za maombi ametuma mpaka ameishiwa maneno, na majibu yote yalianza na ile “We regret” yao, kutoka kwa mabosi wanaotaka kijana mwenye uzoefu wa miaka mitano, kana kwamba uzoefu unapimwa dukani kwa robo kilo. Safari hii lakini kampuni moja ya wapima ardhi ilikuwa imesema ndiyo. Walitaka dereva aliye fundi, mwenye gari lake la porini, linaloweza kwenda kilomita elfu moja bila kuona kituo cha mafuta. Ukaguzi Jumatatu saa mbili asubuhi. Ukishindwa, kwaheri, foleni ni ndefu.

Gari alikuwa nalo, lile kuukuu la dizeli la marehemu baba yake. Lilimzimikia baba porini huku tangi limejaa, watu wakamkuta siku ya nne, midomo imepasuka kwa kiu. Mama aligoma kuliuza. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mama, na mama alisema gari lile ndilo litakalomtoa mwanawe.

Basi Msomi akakaa na daftari wiki nzima akichora mpango. Pampu ya zamani iliyochoka, itoke, iingie ya umeme. Mipira yote ya mafuta iliyochanika ibadilishwe. Liongezwe chujio la kunasa maji, maana dizeli ya mapipa huko porini ni nusu supu. Na tangi la pili, lile la nyuma ambalo halikuguswa tangu msiba, bomba lake limezibwa kwa kuchomelewa, aling'oe atafute jipya.

Mjomba alilisoma daftari mstari kwa mstari, akiitikia kwa kichwa, mpaka alipofika pale mwisho.

“Hapa umeteleza, mpwa wangu. Tangi jipya la nini? Hilo la baba yako ni chuma cha enzi zile, leo hawatengenezi tena. Lifungue, lioshe, liunganishe.” Akamwekea spana kiganjani, akamkunja vidole juu yake. “Na ufungue mwenyewe. Gari ni lako.”

Msomi nusura alie. Pale gereji kuna desturi moja ambayo haikuandikwa popote: anayelegeza bolti ya kwanza ya gari, gari hilo ni lake na lolote litakalolipata ni juu yake, mpaka litoke getini. Akiugua, linamngoja. Na tangu gereji ifunguliwe, bolti ya kwanza hulegezwa na mjomba, hakuna mwingine. Leo amempa yeye. Hatimaye, akawaza, kuna mtu mmoja katika ukoo huu aliyeniona mimi ni mtu mzima.

Saa saba mchana mafundi walikwenda kula, mjomba naye akaaga, eti mgongo unamsumbua. Msomi akajilaza chini ya gari. Jua lilikuwa linachoma mabati, lakini tangi lilikuwa la baridi, linatoka jasho kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Akakaza mkono. Bolti ikalegea bila ubishi, kama iliyokuwa ikimsubiri.

Haikutoka dizeli, ilitoka harufu ya sabuni ya kunyolea ya baba yake, ile ya asubuhi za shule, na nyuma yake harufu ya mchanga mkavu, na tangi likaanza kupumua, likivuta na kushusha taratibu huku mabati yake yakilia tik, tik, na Msomi akaanza kujiburuta atoke pale chini, na ndani ya chuma kile, karibu kabisa na sikio, ikasikika sauti ya mjomba wake, changa kuliko ya sasa, ikinong'ona kama mtu anayeogopa kuta: gereji isimame, wateja waje, wewe mchukue shemeji yangu, kisha ikataja jina la baba, jina kamili, mpaka la babu.

Halafu sauti nyingine, ya upole, ya mtu wa ofisini:

“Umefungua wewe, sasa nimekuwa wako. Nipe jina kabla jua halijazama. Ukikaa kimya nitachukua aliyeko nyumbani kwenu.”

Cheche, fundi wa kuchomelea, alimkuta ameketi kwenye vumbi, ameegemea gurudumu. Hakuuliza kuna nini. Akatazama bolti, akatazama spana, akakaa naye chini.

“Umelegeza wewe? Si yeye?” alinong'ona.

Kisha akaongea haraka, macho getini. Yeye ndiye aliyeziba bomba lile, wiki ya maziko, kwa amri ya mjomba. Mganga aliyemfunga jini mle alisema hatamwachia mjomba mpaka afunguliwe kwa hiari na mkono wa damu ya yule aliyetolewa kafara. Miaka tisa mjomba amekuwa akilizunguka tangi lile kama mtu anayezunguka nyoka.

“Kwa hiyo ulijua.”

“Nina watoto, mdogo wangu.”

“Baba naye alikuwa na mtoto.”

Na hapo gari likajiwasha lenyewe. Pampu mpya ilikuwa bado juu ya meza ya kazi, mipira iliyochanika imening'inia mikavu, hakuna tone popote, na injini inanguruma taratibu, tamu kabisa, kama ilivyochorwa kwenye daftari.

Msomi alilipanda. Alipita nyumbani kumchukua mama, akamweleza yote njiani bila kupunguza neno. Mama hakulia. Alinusa hewa ya mle ndani, akajua ni harufu ya nani, akashika mkanda wa kiti kwa mikono miwili na kutazama mbele.

Jua lilikuwa limebakia juu ya paa walipofika kwa mjomba. Nyumba ya ghorofa, geti jeusi, pazia limesogezwa kidogo. Sauti ikatoka nyuma ya geti, ya chini, ya kubembeleza.

“Mpwa wangu, usipaniki. Taja mtu yeyote tu. Hao waliokunyima kazi si wapo? Dunia ina watu wengi.”

Msomi aliteremka, akauacha mlango wazi ili mama asikie. Injini iliendelea kunguruma kwa tangi tupu. Aliweka kiganja kwenye chuma cha geti, na huko upande wa pili alisikia mtu mzima akihema.

“Mimi sitaji mtu,” alisema. “Jua hilo linazama, mjomba. Fungua geti utoke, usimame hapa mbele ya dada yako, umwambie kwa mdomo wako ulitaja jina la nani. Ukimaliza, taja la kwako.”