NIMEKUACHA, RUDI KWA MAMA

"Hamad! Mbega! Wallahi, mbega!"

Nusra alisimama katikati ya boti, abiria wote wakageuka. Kando ya mfereji, nyuma ya wavu mkubwa wa bustani ya wanyama, mbega weusi wenye mikia myeupe walikuwa wakirukaruka kwenye kamba.

"Nusra, kaa, please. Tutaanguka majini."

"Nikae vipi! Jozani nimeona kima punju, lakini mbega huyu nimekuja kumwona London! Nikawaambie nini watu wa Wete? Lete simu yako, yangu imejaa."

Hamad akampa simu huku akicheka. Alikuwa kijana wa Stratford, kazi yake kwenye reli, na mama yake Mpemba aliyehamia huku kabla hajamzaa. Kiswahili alikisikia jikoni, akakijibu kwa Kiingereza maisha yake yote. Lakini tangu walipofunga ndoa Disemba, huko Wete, aliapa kwamba atamwandikia mkewe kwa Kiswahili tu. Ndiyo maana simu ya Nusra ilijaa ujumbe kama "Mimi ni njaa" na "Lala salama mapenzi wangu". Nusra hakumsahihisha hata siku moja. Aliogopa utamu ule ungeisha.

Sasa viza ilikuwa imetoka, mke yuko London, na Hamad alikuwa amechukua likizo ili amtembeze mfereji mzima.

Walishuka Camden. Watu walikuwa wengi kama sikukuu. Nusra aliona kila kitu kwa mara moja: maboti marefu membamba yenye maua juu ya paa, bata, moshi wa vyakula vya kila nchi. Chini ya daraja akapitisha kidole kwenye michirizi mirefu iliyochimbika kwenye chuma.

"Unaijua hii ni nini?" aliuliza.

"Scratches?"

"Scratches! Hii ni kamba, bwana! Zamani farasi walikuwa wakipita hapa wakiyavuta maboti. Kamba inasugua, inasugua, mpaka imekula chuma. Lo, wangeiona wanafunzi wangu!"

Neno lilikuwa limemkaa kifuani tangu alipotua.

"Hamad, nikwambie kitu? Nataka kurudi Wete. Kidato cha nne wana mtihani Novemba, na mwalimu wa historia ni mimi peke yangu. Wakimaliza ndiyo nije moja kwa moja."

Hamad alimtazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama maji.

"Mbona husemi?"

"Boti ya kurudi iko karibu," alisema. "Mimi naenda kushika siti."

Akaondoka bila kugeuka.

Nusra alibaki pale pale. Amekasirika? Akajiliwaza kwa kutazama lango la maji. Boti moja lilikuwa limeingia kati ya malango mawili, maji yakapunguzwa, nalo likashuka taratibu kama lifti. Mwenye boti, mama wa Kizungu mwenye kofia, alimwona anavyoshangaa, akamwita amsaidie kusukuma gogo kubwa linalofungua lango. Nusra aligeuza mgongo, akakanyaga kwa nguvu, akasukuma. Lango likafunguka! Watu wakapiga makofi. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Hamad:

"Mke wangu samahani sana. Nimekuacha. Sikutaka lakini imetokea. Usilie. Rudi kwa mama."

Akausoma tena. Aligeuka kutazama kituo: boti halipo, Hamad hayupo. Akapiga simu yake. Imezimwa.

Alikaa juu ya gogo lile lile. Hapo simu ikalia, akaipokea bila kuangalia. Alikuwa Bi Jokha, mama yake Hamad.

"Mko wapi nyie? Nshamaliza kupika, pweza anapoa."

"Mama..."

"Unalia? Wamekuibia simu?"

"Simu ninayo, mama. Mume ndiye sina."

"Huna nini?"

"Hamad kaniacha."

"Kakuacha wapi?"

"Hapa hapa Camden!"

"Kakuacha kuacha? Kwa mdomo wake?"

"Kaandika."

"Nisomee. Neno kwa neno."

Nusra alisoma, akikwama kila neno. Alipofika kwenye "Rudi kwa mama", Bi Jokha aliguta.

"Mwanangu mimi? Mmegombana?"

"Nilimwambia nirudi mpaka wanafunzi wafanye mtihani. Akanuna, akaondoka."

"Kwa mtihani wa kidato cha nne ndiyo mtu aachwe! Nusra, nisikilize mwanangu. Usiondoke hapo, nakuja. Kama kakuacha yeye, mimi sijakuacha. Wewe utalala kwangu, yeye atajua pa kulala!"

"Nusra! Nusra!"

Hamad alikuwa akija mbio kando ya mfereji, anahema, mguu mmoja wa suruali umerowa hadi gotini.

"Thank God! Nilidhani umepotea!"

Akanyoosha mikono. Nusra akarudi nyuma.

"Usinishike. Mimi si mkeo. Umeniacha."

"Najua! Nimekuacha, samahani sana!"

"Mama, karudia! Hiyo ya pili!"

"Ya pili how? Nimekuacha mara moja tu!"

"Hamad!" Sauti ya Bi Jokha ilipasuka kutoka kwenye simu, wapita njia wakashtuka. "Funga mdomo! Usilitaje tena neno hilo!"

"Mama? Neno gani? Nimekua..."

"Nyamaza!" wanawake wote wawili walipiga kelele.

Hamad akainua mikono juu kama aliyekamatwa.

"Niambie kwa Kiingereza chako," Bi Jokha alisema. "Umefanya nini?"

"The boat left! Nilikuwa nashika siti, ikaondoka tu. I left her behind. Nikaandika haraka, battery ikafa. Nikaruka kutoka botini kituo cha kwanza, nikakimbia."

Nusra alimkodolea macho. Akautazama mguu ule uliorowa.

"Boti limeniacha," alisema polepole.

"Boti limekuacha!" Bi Jokha alifoka. "Ndivyo watu wanavyosema, mwehu wewe! Boti limekuacha, treni imekuacha! Mume akisema yeye ndiye kamwacha mkewe, hiyo talaka!"

Hamad alijibwaga juu ya gogo kama gunia.

"Talaka? Nimempa mke wangu talaka by text?"

"Na ya pili hapa hapa, mbele ya mama yako," Nusra alisema. Machozi hayajakauka, lakini kicheko kilishaanza kumtekenya.

"Ulikuwa na nia?" mama aliuliza.

"Nia yangu ilikuwa siti mbili za mbele!"

"Subirini. Nampigia sheikh."

Walikaa bila kugusana, bata wakipita mbele yao. Bi Jokha alipopiga tena, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Sheikh anasema hakuna talaka. Hakukusudia, wala hakujua anachosema. Mkewe ni mkewe. Ila kaniambia nimtafutie mwalimu wa Kiswahili, nami nimeaibika!"

Nusra alivuta pumzi ndefu. Lakini moyo haukutulia wote.

"Na 'rudi kwa mama'?"

"Mama yangu! Stratford! Usipotee."

"Na kule darajani? Kwa nini ulininyamazia?"

Hamad aliinamisha kichwa. "Nilikuwa natafuta maneno. Harusini binamu zako walicheka kila nikisema. Kitu kikubwa kama hiki, sikutaka ucheke."

"Mimi nikucheke, Hamad?" Sauti yake ilikuwa imelainika kabisa. "Sema sasa. Sema hata kama maneno yamevunjika."

Kengele ya boti la mwisho ililia. Hamad hakugeuka kulitazama. Alimshika mkono, akaanza neno moja moja.

"Nenda ufundishe watoto wako. Wakimaliza mtihani, mimi nakuja Wete kukuchukua. Boti likuache, treni ikuache, ndege ikuache. Mimi sikuachi."

Kwenye simu kulisikika mtu akipenga kamasi.

"Haya," alisema Bi Jokha. "Sasa pandeni hilo boti. Kwa pamoja!"